Injini Yenye Adabu

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usijisumbue kulitafuta. Aliyelinunua keshalifungia karanga. Nakupa kwa kifupi.

Mimi ni Crispin. Vita vilinipeleka Tanzania nikiwa mgongoni kwa mama, amani ikanirudisha nikiwa na ndevu na cheti cha sekondari ya kambini. Kaka yangu Simoni alibaki kijijini kwetu Buraza na baba, akalilinda shamba. Niliporudi akanikatia sehemu yangu. Ilikuwa nyembamba hivi kwamba nikilala chali, miguu inaingia kwa jirani.

Nililima msimu mmoja. Mahindi yaliota yakiwa yamenikasirikia.

Nikakimbilia Gitega mjini, nikakutana na Kassimu, mchomeleaji wa vyuma, mtoto wa mjini, mtu wa swala tano na utani usio na likizo. Tukagundua jambo moja. Watu wanarudi kutoka Tanzania kila wiki. Bati wanapewa. Mlango hawapewi. Nchi imejaa nyumba zilizovaa kofia, mdomo wazi.

Basi tukaanza kutengeneza milango ya chuma. Kassimu anachomelea. Mimi napaka rangi, natafuta wateja, napeleka mzigo kwa baiskeli. Wiki iliyopita niliwaacha pale Mushasha, upepo uliponyanyua mlango, baiskeli na mimi mwenyewe, ukatutua kwenye ua wa masista katikati ya rozari.

Masista walinisamehe. Mlango ulikunjika kama chapati.

Nikaapa palepale: baiskeli basi. Tunanunua gari.

Pesa sikuwa nayo. Nikaenda Buraza, nikamwambia Simoni achukue kile kipande changu cha shamba, anipe thamani yake. Hakusita hata kidogo. Alinipa, kisha akasema mbele ya mkewe na majirani:

"Crispin, gari likikushinda, unarudi hapa kunilimia. Sikusema kulima. Kunilimia. Na jembe nitakuchagulia mimi."

"Kaka, hilo jembe lipake mafuta lisipate kutu. Litakaa sana."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani, akaliegemeza ukutani.

"Hili hapa. Linakusubiri."

(Simoni hasemi Kiswahili. Sisi wawili tunagombana kwa Kirundi. Ninawaandikia kwa Kiswahili ili mcheke wote.)

Hapo ndipo tulipoishia. Mdomo wangu ulishanifunga. Kilichobaki ni gari la kunifungua.

*

"Tunataka gari ya namna gani?" Kassimu aliniuliza, kinyago cha kuchomelea kikiwa juu ya paji la uso kama kofia ya askofu.

"Dogo. Limefungwa nyuma kama sanduku, mvua isiguse rangi. Milango ya nyuma ifunguke yote miwili ili fremu ziingie. Linywe mafuta kidogo. Lisilale njiani."

"We unatafuta gari ao unatafuta mke?"

"Mke akilala njiani nitambeba."

Gari la kwanza tuliliona hapohapo Gitega. Jeupe, linang'aa, lina mapazia dirishani. Mwenyewe alivaa miwani myeusi na hakushuka kwenye kiti alichokalia. Kassimu alilizunguka kama mtu anayezunguka keki ya harusi.

"Mutanzania, hii ndiyo yenyewe. Ona mapazia!" Mutanzania ndiye mimi, kwa sababu ya kukulia kambini.

"Tunauza milango, Kassimu. Mapazia ndiyo adui yetu."

Tukalijaribu mpaka Mushasha na kurudi. Mshale wa mafuta ulishuka huku tukiutazama. Nikamwambia mwenye miwani gari lake lina kiu.

"Limetoka safari," akajibu.

"Na sisi tunalitaka kwa ajili ya safari. Tukilinunua hili, tutapeleka mlango mmoja Muyinga, halafu tuuze mwingine tupate mafuta ya kurudi."

Alivua miwani kunitazama vizuri. Tukaondoka kabla hajamaliza kunitazama.

Baada ya hapo tuliona mengi. Lililonywa kidogo halikupanda mlima. Lililopanda mlima lilifungwa milango kwa kamba ya mgomba. Moja lilikuwa na kila kitu isipokuwa mwenyewe, yaani tuliyekuwa tukizungumza naye alikuwa mlinzi wake.

Ndipo tukaambiwa: nendeni Muyinga, kwa Mzee Mahmudu, yule mwenye duka la vitenge. Ana gari la boksi. Linakunywa kama ndege.

*

Nyumba ya Mzee Mahmudu iko ubavuni mwa kilima. Gari lilisimama mbele ya nyumba, rangi ya maziwa yaliyoganda, pua ikitazama mjini chini, jiwe mbele ya gurudumu. Milango ya nyuma ilifunguka miwili, kwaaa, kama mikono ya shangazi.

Mahmudu alitupokea kwa salamu ndefu. Mkewe Latifa akaleta chai ya tangawizi. Hatukuongelea gari mpaka vikombe vilipoisha, maana Muyinga si watu wa kukurupuka.

"Bon, vijana wangu. Mupande."

Alisukuma lile jiwe kwa kiatu, kama mtu anayefukuza kuku, akaketi kwenye usukani. Gari likaanza kwenda. Polepole. Kimya kabisa. Nilisikia ndege. Nilisikia mtu wa ng'ambo akimwita mbuzi wake.

"Mzee, limewaka?"

"We unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi ndiyo hiyo. Injini hii iko na adabu. Haipigi kelele mbele ya wageni."

Lori nililojifunzia kuendesha, lile la maji la kambini Kibondo, ukiliwasha watoto wachanga wanaamka. Nikajisemea, Crispin, huu sasa ndio ustaarabu.

Chini kabisa gari likajikung'uta kidogo, mlio ukasikika, likapanda kilima cha pili bila taabu. Tulipoanza kuteremka upande wa pili, adabu ikarudi. Kimya. Kassimu akagonga kioo cha mshale wa mafuta kwa ukucha.

"Mzee, huu mshale umekufa?"

"Haujakufa. Umeridhika."

Tuliporudi alipandisha mpaka nyumbani, akaligeuza, pua ikatazama tena mjini, jiwe likarudi mahali pake. Kassimu akaninong'oneza, "Mi naona iko bien. Tuchukue mbele hajaghairi."

Mahmudu alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Ufunguo huu ni wa kufungulia tu. Kuliamsha, lipe mteremko. Gia ya pili, uachie klachi. Ni economie. Betri itakaa mpaka upate wajukuu."

"Na stata, mzee?" Kassimu aliuliza.

"Stata ni ya watu wenye haraka."

Tulicheka. Naye alicheka. Latifa peke yake hakucheka. Alikusanya vikombe, akaniuliza taratibu:

"Huko Gitega kwenu kuko milima?"

"Mama, Gitega kuna nini kingine?"

"Basi Mungu ni mwema. Mutaelewana nalo."

Wasomaji wangu, nimeyapima maneno ya siku ile moja moja. Hawakutudanganya hata neno moja. Ndiyo maana yananiuma.

*

Na kweli tulielewana nalo. Niliandika jina ubavuni kwa rangi nyekundu: KARIBU NDANI. Sisi wenyewe tuliliita Adabu.

Atelie yetu, yaani karakana, iko mteremkoni. Soko liko mteremkoni. Hata pale Mushasha niliegesha mteremkoni, nikawapelekea masista komeo la bure kwa ajili ya ile rozari. Kila asubuhi naondoa jiwe, Adabu anashuka, gia ya pili, naachia klachi, anaamka. Majirani wakaniita patron, yaani bosi. Nikaanza kuitika.

Simoni akasikia. Buraza si mbali kwa maneno.

Kisha ikaja kazi ya Buhinyuza.

Mama Adventina nilimjua tangu kambini. Alikuwa akiuza maandazi, nami nilikuwa nikiyaiba, kwa hiyo mimi na mwiko wake tunafahamiana. Alirudi kwao Buhinyuza, upande wa Muyinga, karibu na mpaka tuliovuka wote tukikimbia. Nyumba ilishakwisha, bati limewekwa, lakini alikuwa bado analala jikoni nyuma. Alinipigia simu.

"Crispin, miaka yote ya ukimbizi nimelala nyuma ya turubai. Mtu akitaka kuingia anaingia, askari anaingia, mlevi anaingia, mbuzi anaingia. Nyumba hii siilali mpaka iwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Umenisikia? Kwa ndani."

"Nimekusikia, Mama."

"Jumamosi tunaitaha nyumba. Kilima chote kinakuja, na wote wamerudi kama mimi, wote wana bati na hawana mlango. Wako ukisimama, hao wote ni wateja wako. Usiposimama, mimi ndiye nitakayewaambia."

Kuitaha nyumba, kwa mliokulia mbali kama mimi, ni ile sherehe ya kuingia nyumba mpya, kwa sala na pombe na jamaa wote. Mwenye nyumba hawezi kuiahirisha akarudi kulala jikoni. Ni aibu.

Jumamosi alfajiri tulipakia mlango wa Mama Adventina, na mingine miwili ya akiba. Nilipozunguka mbele nikamkuta Simoni amekaa kwenye kiti cha abiria. Jembe kati ya magoti.

"Kaka, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuona."

"Na hilo jembe?"

"Nalo limekuja kuona."

Kassimu akajibana nyuma na milango. Njia nzima kaka yangu alitazama mashamba ya watu, mpaka tulipoanza kuteremka mteremko mrefu wa kwanza, nami nikatoa gia kubana mafuta. Aliinamisha sikio.

"Mbona limezima?"

"Halijazima. Lina adabu," nikamjibu, na neno hilo nililisema kwa Kiswahili, maana kwa Kirundi halikunoga.

Simoni alilitafuna neno lile kimya kimya. Halafu akalipapasa jembe kama mtu anayempapasa ndama.

*

Buhinyuza kwa Mama Adventina ni chini, karibu na mto Ruvubu, na ua wake ni sahani. Ukiweka chungwa, linabaki ulipoliweka. Mbele ya ua njia inagawanyika: kulia inapanda kilimani kwenye nyumba za watu, kushoto inateremka moja kwa moja mtoni wanakochota maji.

"Mutanzania," Kassimu alisema kutoka nyuma, "tuache gari huku juu, tubebe mlango kwa mikono."

Lakini Mama Adventina alishatoka, kitenge kipya, mikono hewani.

"Lete gari hapa katikati! Lisisimame huko juu kama mtu aliyekuja kudai! Watu walione!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliingiza Adabu katikati ya ua, maandishi mekundu yakitazama wageni. Katekista alikuwa ndiyo kwanza anaanza sala, watu wamevua kofia. Nikazima injini kwa heshima.

Tazama vizuri. Ni adabu iliyoniponza.

Mlango ulisimama. Kassimu alipiga nyundo ya mwisho, akaupangusa kwa mkono wa shati. Mama Adventina aliingia peke yake, akaufunga. Tukasikia komeo kwa ndani: kla.

Watu wakatazamana.

"Gongeni!" sauti ikatoka ndani.

Nikagonga. "Hodi!"

"Nani?"

"Crispin, Mama."

"Crispin gani?"

"Wa maandazi!"

"Subiri kwanza! Nimekaa!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Lakini hakufungua. Akatuacha pale juani, wageni, katekista, na wazee wenye mirija ya pombe mdomoni, tukisubiri kama watu walioenda kwa mkubwa. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, na nikaona wanawake wanajifuta macho kwa pembe za vitenge. Wote walikuwa wanajua ni kitu gani alichokuwa amekaa nacho mle ndani.

Komeo likalia. Akatokea.

"Sasa karibuni," akasema. "Mmebisha hodi vizuri."

Wasomaji, nilivamiwa. Huyu anataka mlango wenye dirisha, yule anataka wa kijani, mwingine anataka makomeo mawili kwa sababu ana shemeji. Mwanamke mmoja mrefu anayeitwa Martha akanishika mkono kabisa.

"Nimeona una mingine ndani ya gari. Nyumba yangu ni ile pale juu, njia ya kulia. Twende uusimamishe sasa hivi, na hawa wote waje waone. Ukisimama kwangu, kila mtu hapa anaagiza leo."

Nilimtazama Simoni. Alikuwa anakwangua udongo kwenye kiatu kwa ncha ya jembe. Nikaruka ndani ya Adabu kama mfalme, nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Nikazungusha tena.

Kimya kilekile cha Muyinga. Ndege. Mbuzi wa ng'ambo.

Simoni akasogea dirishani. Akaingiza kichwa. Na kaka yangu ambaye hajawahi kusema Kiswahili tangu azaliwe, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mtoni:

"A-da-bu."

*

Kassimu alifungua boneti, akaingiza kichwa na bega. Alikaa humo muda mrefu kuliko ninavyopenda. Alipotoka mkononi alikuwa na gunzi la hindi.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Stata."

"Kassimu, huu si wakati wa utani."

"Mi sitanii! Mahali ya stata kuko tundu, na ndani ya tundu kulikuwa hii, imefungwa na kitambaa. Yampaye inka, ajabu gani hii! Stata haiko!"

"Imeharibika?"

"Kitu ambacho hakiko kinaharibikaje?"

Tukatazamana. Ndipo lile jiwe la Mzee Mahmudu lilipoviringika kichwani mwangu. Pua chini. Jiwe mbele ya gurudumu. Kassimu alikuwa ameliona na hakushangaa, maana yeye mtoto wa Gitega, tangu azaliwe kila gari analoliona limelala hivyo. Mimi nililiona na sikushangaa, maana nimekulia tambarare, kwetu Kibondo jiwe ni kitu cha kukalia. Wajinga wawili wa aina mbili, tukakutana kwenye gari moja. Na ile injini isiyosikika haikuwa na adabu yoyote. Ilikuwa imezimwa!

Kicheko kilianzia kwa wazee wenye mirija, kikapanda, kikafika kwa katekista, akashindwa kukizuia. Lakini kicheko si kitu. Kilichonichoma ni Martha. Aliuachia mkono wangu.

"Kama hivi ndivyo anavyochagua gari," alimwambia jirani yake, si kwa siri, "huo mlango wake nao una gunzi wapi?"

Wanawake wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja.

Simoni akafungua mlango wa abiria, akaketi, akalitoa jembe dirishani, mpini ukinielekea.

"Twende nyumbani. Kwa miguu ni mbali, lakini jembe ni jepesi. Ukimaliza kuaga watu, mimi nasubiri humu. Kiti kizuri."

Nilikuwa bado nimeshika ufunguo. Nikauzungusha mpaka mwisho wake, nikaweka gia ya pili kwa hasira, kama mtu anayefunga begi. Nikashuka. Kulikuwa na kinu cha kutwangia pale kimepinduliwa. Nikakipanda.

"Ndiyo!" nikapaza sauti. "Chekeni! Nimeuziwa gari lisilo na stata!"

Wakacheka zaidi.

"Haya, na sasa na mimi niwaulize. Nani hapa alirudi akiwa kamili? Anyooshe mkono nimwone. Wewe ulirudi na kila kitu? Wewe? Bati mlipewa, mlango hamkupewa. Mimi gari nimepewa, stata sikupewa. Tumefanana! Mbona mimi sikuzicheka nyumba zenu?"

Kicheko kikakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri.

"Mlango mmeusikia ukifungwa. Kla! Mlango hauna stata. Mlango hauhitaji mteremko. Mlango unamtaka mtu mmoja tu, aliyechoka kuingiliwa na mbuzi. Hili gari litaamka leo, na kesho litaamka, na kama ni lazima lisukumwe kutoka hapa mpaka Gitega nitalisukuma, lakini jembe la huyu bwana sishiki! Anayetaka mlango, aje asukume. Asiyesukuma, akalale na pazia lake!"

Hakuna aliyejongea.

Kisha Mama Adventina akatoka kwenye kizingiti chake. Akaufunga mlango nyuma yake taratibu, akaweka ufunguo kifuani, akakunja mikono ya gauni.

"Mwizi wa maandazi," akasema, "umekua." Akaweka viganja kwenye mlango wa nyuma wa gari.

Martha akamfuata. "Wangu wa bluu," alisema akipita, bila kunitazama. Nyuma yake wote. Yule mwenye shemeji, katekista na kitabu chake kwapani, hata wazee, mmoja na mrija bado mdomoni.

"Mi nasema mungoje dereva!" Kassimu alipiga kelele. "Dereva iko juu ya kinu!"

Nani amsikie? Wanawake walishaanza kuimba. Nilikuwa bado naitafuta ardhi kwa mguu wakati kilima kizima kilipoegemea Adabu kwa nguvu moja. Ikumbukwe: ufunguo umefunguliwa. Gia ni ya pili. Akasogea, akajikung'uta, akakohoa moshi mweusi.

Akaamka.

Alinguruma! Sikuwahi kumsikia akinguruma vile. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ndivyo inavyofanywa. Na Adabu akaondoka zake kuvuka ua, kuku kulia, kuku kushoto, hakuna mtu kwenye usukani, na Simoni kwenye kiti cha abiria, macho kama vikombe.

Nilimwona akiutazama usukani. Nilimwona akilitazama jembe. Mikono ni miwili tu. Jembe likatoka dirishani, likaruka, likatua miguuni pangu. Kaka akajirusha upande wa pili akaukumbatia usukani kama mtu anayemkumbatia ndugu aliyetoka Tanzania.

Mimi alinipokea kwa mkono mmoja.

"Crispin!" Mama Adventina aliniita, akihema. "Yule ni dereva wako?"

"Ni kaka yangu!"

"Anajua kuendesha?"

"Anajua kulima!"

Nikakimbia. Nilipofika nje ya ua ndipo nilipogundua nimebeba kitu begani. Jembe. Sijui nililiokota saa ngapi. Basi picha ndiyo hiyo, mnaweza kuichora: kaka yangu ndani ya gari langu, mimi nyuma kwa miguu na jembe lake, na kilima kizima nyuma yangu kikiimba.

Mbele njia inagawanyika. Akikata kulia atapanda mlima wa kwa Martha, Adabu atachoka mwenyewe, atasimama, tutaweka jiwe, milango yangu itashushwa, na mimi ni patron mpaka mwisho wa dahari. Akikata kushoto ni Ruvubu.

Simoni akatoa kichwa dirishani.

"Crispin! Niende wapi?"

Hapo nikatumia elimu yangu yote. Kaka huyu, tangu tuonane tena, hajawahi kufanya nilichomwambia. Nilimwomba kipande cha shamba cha juu, akanipa cha chini. Nilimshauri maharage, akapanda muhogo. Ukimwambia mvua inakuja, anaanika nguo. Kwa hiyo ukitaka aende kulia, unamwambia nini?

Nikavuta pumzi. Nikanyoosha jembe juu ili anione.

"Kushoto, kaka!" nikapiga kelele. "Kata kushoto! Kushoto!"

Aliniangalia. Akatikisa kichwa kukubali.

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mama yetu anizae, Simoni akanitii.